Meli Zilizozama, Kutoka Stesheni ya Dodoma

Sisi watoto wa kota za reli Dodoma tuliijua Liemba kabla hatujaijua bahari. Baba alifanya kazi kwenye Reli ya Kati, na kila treni ya Kigoma ilipochelewa alitutolea kisa kilekile: meli nzima ilipita hapa, imo ndani ya masanduku. Tulimcheka. Meli ipite Dodoma, kwenye vumbi hili na mibuyu? Lakini mzee alisema kweli. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaiita Graf von Götzen, wakaifungua kipande kwa kipande na kuisafirisha hadi Dar es Salaam katika masanduku karibu 5,000, kisha reli ikaibeba kuelekea Ziwa Tanganyika. Julai 1916, walipozidiwa vitani, wahandisi wao waliipaka mitambo grisi nzito, wakaizamisha kwa mikono yao wenyewe. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Kwa hiyo nilikua nikiamini kwamba meli iliyozama ni mali iliyokwama tu. Mwenye uwezo huiibua. Asiyeweza huikata akauza chuma.

Nilianza kwenda Zanzibar kikazi nikiwa mtu mzima, na maji yaliyonipita kiuno sikuwa nimeyazoea. Kwetu maji ya kuogelea yalikuwa bwawa la Hombolo, na wazazi walitukataza kwa kuhofia kichocho. Rafiki wa kazini ndiye aliyenishawishi nijifunze kuzamia na mtungi. Tulikodi boti na wenzetu wengine, na nahodha, mzee wa makamo aliyevaa kofia ya kiua, akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomjibu akaangua kicheko. "Mtu wa Dodoma na bahari, wapi na wapi? Haya mwanangu, sema Bismillahi, ushuke."

Nilishuka juu ya Great Northern, meli ya Waingereza ya kutandaza nyaya za telegrafu baharini, iliyopanda mwamba wa Fungu mwishoni mwa mwaka 1902. Ipo kwenye kina cha mita 12 hivi, kwa hiyo hata mwanafunzi anafika. Kitu cha kwanza ni masikio: unabana pua, unapuliza, yanazibuka, unashuka kidogo tena. Ukifika mita 10 shinikizo limekuwa maradufu ya lile la juu, na hewa ya mtungi inakwisha upesi maradufu, jambo ambalo geji inakuonyesha bila huruma, hasa ukiwa na woga unaokufanya uheme kama mimi.

Nilitarajia chuma. Chuma kilikuwepo, lakini ilinibidi nikitafute. Kila ubavu wa meli ulikuwa umeota matumbawe na sponji, na pale nilipodhani pana bomba akachomoza mkunga, mdomo ukifunguka na kufumba taratibu. Mwalimu wangu akanivuta mkono nisije nikamshika. Chewa mmoja mkubwa alikaa chini ya bamba la chuma na hakujisumbua kutupisha.

Tukirudi, nahodha alitusimulia habari za Pegasus, manowari ya Uingereza iliyokuwa bandarini Zanzibar ikifanyiwa matengenezo alfajiri ya Septemba 20, 1914, Königsberg ya Wajerumani ilipoikuta na kuizamisha. Mabaharia wake wamezikwa kisiwani Chapwani. Mabaki yake yaliuzwa kama chuma chakavu katika miaka ya 1950. Nikakumbuka kota za reli, maana mizinga ya Königsberg iliokolewa baada ya meli hiyo nayo kuishia Rufiji mwaka 1915, na mmojawapo ukafungwa kwenye Götzen kule Kigoma. Na kutoka pwani hakuna njia ya kufika Kigoma kwa reli isiyopita Dodoma. Baba hakulijua hilo, angelipenda sana.

Miaka baadaye, Mombasa, nikakuta mambo yamegeuka juu chini. MV Dania, meli iliyowahi kubeba ng'ombe, ilisafishwa na kuzamishwa makusudi mwaka 2002, kwenye kina cha karibu mita 30, iwe makao ya samaki na kivutio cha wazamiaji. Kutoka vizazi vilivyoibua meli kwa ajili ya chuma tumefika kwa watu wanaotupa chuma kwa ajili ya samaki. Mfugaji yeyote wa Kigogo kwetu Dodoma angeuliza ng'ombe wako wapi.

Siukatai utaratibu huu, ila siushangilii kama wenye boti. Nje ya Dar es Salaam nimezamia mahali palipopigwa baruti, uvuvi uliopigwa marufuku zamani na bado ukaendelea kwa miongo mingi. Vipande vyeupe vya matumbawe vimetapakaa kama kokoto za reli, ila hivi havitulii: mawimbi yanaviviringisha, na tumbawe changa likitua juu yake linasagwa. Hapo ndipo kitu kizito kisichosogea kinapofaa. Lakini lazima kiwe kizito kweli. Huko Florida miaka ya 1970 walimwaga matairi karibu milioni mbili wakidhani wanajenga mwamba. Kamba zikakatika, matairi yakazurura na kugonga matumbawe hai. Tena meli iliyozama huwakusanya samaki mahali pamoja, na wakikusanyika bila ulinzi wavuvi huwamaliza mapema zaidi. Kwangu mimi mwamba mmoja uliolindwa dhidi ya baruti una thamani kuliko meli kumi za kuzamisha.

Siku hizi boti hizo hazijai wageni kutoka Ulaya peke yao. Nakutana na watumishi wa serikali kutoka Dodoma, wamekuja na watoto wao kwa mwisho wa juma, kwa sababu tangu Julai 2024 treni ya umeme inatufikisha Dar es Salaam kwa chini ya saa nne. Kwao nina neno moja. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na naitrojeni iliyoingia mwilini ukiwa chini ya maji haijatoka yote unapopanda boti. Ukikimbilia miinuko mapema, inatengeneza mapovu kwenye damu na viungo, sawa na anayepanda ndege mara baada ya kuzamia. Ukizamia zaidi ya mara moja, subiri angalau saa 18. Lala Dar es Salaam, panda treni ya kesho yake.