Kitasa cha Motokaa Kuukuu

Kuna watu wanaodhani kwamba akili hukaa kichwani peke yake, na kwamba mikono ni watumwa waliowekwa kubeba yale ambayo kichwa hakitaki kubeba. Mimi, msomaji, sioni hivyo. Mkono usiouliza swali huharibu kazi, na kichwa kisichogusa kitu huishia katika ndoto. Jambo lililonithibitishia imani hii ni dogo sana, nalo ni kitasa cha mlango wa motokaa. Tafadhali usicheke. Mambo makubwa hutupigia hodi mara chache maishani, lakini madogo hulala na kuamka nasi.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, na motokaa yangu ni kuukuu. Hilo si ajabu katika nchi yetu. Magari mengi ya Kenya hushushwa bandarini Mombasa kutoka Japan yakiwa yamekwisha kutumika huko, na sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Basi mwalimu anayelinunua kutoka kwa mwenyewe wa pili au wa tatu hulipata lina miaka 15 au zaidi. Injini yaweza kuwa nzima bado, lakini viungo vidogo huwa vimechoka.

Vitasa vya motokaa yangu huendeshwa kwa umeme. Dereva hubonyeza kitufe kimoja, na milango yote minne huitika. Mwaka jana mlango wa nyuma wa kushoto ulianza ukaidi: mara hutii, mara hukataa. Huenda ningeuvumilia, kama si mama yangu. Yeye ni mzee, na magoti yake hayana nguvu tena. Nilimpeleka hospitali, nikaegesha kando ya barabara, nikabonyeza kitufe. Milango mitatu ilifunguka, wake ukabaki umefungwa. Kabla sijazunguka kumsaidia, alikwisha kujivuta hadi upande wa kulia, akafungua mlango, akateremsha mguu barabarani. Wajua kwamba kwetu magari hupita kushoto. Kwa hiyo mlango wa kulia hufungukia katikati ya njia. Matatu ilipita karibu naye hata upepo wake ukapeperusha leso yake. Tangu saa ile kitasa kile hakikuwa jambo dogo tena.

Fundi mmoja aliusikiliza mlango kwa muda mfupi, akaniambia ninunue mota mpya ya kitasa. Bei aliyoitaja ilikaribia nusu ya karo ya muhula ya mdogo wangu. Sikubishana naye, lakini niliazimia kujua kwanza kama mota ndiyo mgonjwa. Daktari hakati mguu kwa sababu mgonjwa anachechemea.

Jumamosi iliyofuata nilikaa na ule mlango kama mtu akaaye na mwanafunzi asiyefahamu hesabu. Swali la kwanza lilikuwa hili: je, fyuzi imekatika? Fyuzi ni uzi mwembamba uliowekwa makusudi ukatike umeme unapozidi, ili nyaya zisiungue. Lakini vitasa vyote vinne vyategemea fyuzi moja, na vitatu vilikuwa vikifanya kazi. Basi fyuzi haina hatia, na jambo hilo nililijua bila kugusa kitu. Swali la pili: je, chuma kimekwama kwa kutu? Nilikisukuma kitasa kwa kidole, kikaenda na kurudi kwa wepesi. Chuma nacho hakina hatia. Yakabaki mawili: ama mota imekufa, ama umeme hauifikii.

Ili kuamua kati ya hayo, hapana budi mlango ufunguliwe tumbo. Kwanza niliondoa waya hasi wa betri. Kisha nilitafuta skrubu zilizojificha nyuma ya mkono wa kuvutia mlango na chini ya vifuniko vidogo vya plastiki. Bamba la ndani hushikwa pia na vibanio ukingoni. Nilivitoa kimoja kimoja kwa kijiti bapa nilichokizungushia kitambaa, nisikwaruze rangi. Nyuma ya bamba kuna karatasi ya nailoni inayozuia maji ya mvua. Niliibandua taratibu, maana ilipasa irudi mahali pake.

Sasa sikiliza, msomaji, maana hapa ndipo palipo na elimu. Mota ya kitasa cha aina hii ina nyaya mbili tu. Umeme ukipita kwa upande mmoja, mota husukuma na mlango hufungwa. Umeme ukigeuzwa upite kwa upande wa pili, mota huvuta na mlango hufunguka. Nilizitenga nyaya zile na mota, nikaziunga na balbu ndogo ya volti 12, nikarudisha waya wa betri, nikabonyeza kitufe. Kama umeme ungefika, balbu ingemeta kwa nukta moja. Haikumeta. Kisha niliipa mota umeme wa betri moja kwa moja, kwa kugusisha tu, nao mlango ukajifunga kwa kishindo. Nikageuza nyaya, ukafunguka. Mota ilikuwa nzima. Laiti ningenunua mpya, ningekuwa nimemzika aliye hai.

Kosa, basi, lilikuwa njiani. Nikakumbuka ule ukaidi wa mara hutii, mara hukataa. Waya uliokatika kabisa hukataa siku zote; uliokatika nusu hugusana na kuachana mlango unapochezeshwa. Na ni wapi waya wa mlango huchezeshwa? Ni kwenye bawaba, ndani ya ule mpira mfano wa koo unaounganisha mlango na bodi. Kila mlango unapofunguliwa nyaya zile hukunjwa, na kila unapofungwa hunyooshwa, mwaka baada ya mwaka. Niliuvuta mpira ukatoka. Ndani yake nyaya zote zilikuwa salama, ila moja: ngozi yake ilikuwa imepasuka, na shaba yake, iliyogeuka kijani kwa unyevu, ilikuwa imekatika.

Niliondoa tena waya wa betri. Nilikata kile kipande kilichooza, nikaweka waya mpya laini wenye unene sawa na ule wa zamani. Niliupima uwe mrefu wa kutosha, ili viungo viwili vya kulehemu vikae nje ya mahali pa kukunjika. Kiungo cha kulehemu ni kigumu, na kikikunjwa kila siku hukatika upesi. Nikavifunika kwa tepu ya umeme, nikarudisha mpira, nailoni, bamba na skrubu. Gharama yote ilikuwa bei ya waya mfupi na tepu. Mama alipopanda tena, alishukia upande wa kushoto.

Sikuhimizi ufungue kila kitu ukionacho. Magari mengine yana mifuko ya hewa ya usalama au vipimo vyake milangoni, na nyaya zake mara nyingi hufunikwa kwa rangi ya manjano. Hizo mwachie aliyejifunza. Bati la ndani ya mlango hukata kama kisu, na mtambo wa kioo waweza kubana vidole. Tena, kuna mafundi wa jua kali ambao ujuzi wao ningepaswa kuusomea miaka mingi. Ajuaye mpaka wa ujuzi wake hana aibu kuomba msaada.

Watu wameniuliza: Mwalimu, huoni haya kupaka mikono grisi? Huwajibu kwa habari za Michael Faraday. Alizaliwa Uingereza mwaka 1791, mwana wa mhunzi, naye ujanani alikuwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu. Mwaka 1821 mtu huyo aliyekulia katika kazi za mikono aliufanya umeme uzungushe waya, na mota nyingi, pamoja na ile iliyomo mlangoni mwangu, hutumia nguvu ile ile. Hakungoja mikono yake iwe safi ndipo afikiri.

Ewe kijana usomaye fizikia ili upite mtihani, fahamu kwamba kosa aghalabu hulia mahali pamoja na kukaa mahali pengine. Mlango ndio uliogoma, lakini ugonjwa ulikuwa bawabani. Ndivyo ilivyo kwa mwanafunzi anayeshindwa darasani huku njaa yake ikiwa nyumbani, na kwa shamba linalokauka huku mfereji umezibika mlimani. Uliza swali moja, upate jibu moja, kisha uliza la pili. Usipokuwa na haraka ya kumhukumu aliye karibu, utamwona mwenye kosa.