Majeruhi Wasiohesabiwa wa Agosti 7

Nilitoka katika mlipuko wa Nairobi wa mwaka 1998 na mchubuko mdogo mkononi, na udogo wa mchubuko ule ndio ulionichelewesha kutafuta tiba. Watu 213 walikuwa wamekufa, na kiasi cha 5,000 walikuwa wamejeruhiwa. Mzima wa viungo kama mimi angemlilia nani?

Ilikuwa Ijumaa, saa nne na nusu asubuhi na dakika chache. Nilikuwa karani katika ofisi iliyoelekea Moi Avenue, si mbali na ubalozi wa Marekani, uliokuwa pale barabara hiyo inapokutana na Haile Selassie. Kwanza tulisikia kishindo kidogo. Baadaye tukaambiwa kwamba lilikuwa guruneti lililorushwa kwa walinzi. Wenzangu wakainuka kwenda dirishani kutazama. Mimi nilikuwa nikizungumza na mteja kwa simu ya mezani, na waya wake haukufika dirishani. Ndipo bomu lenyewe likalipuka, vioo vyote vikaingia ndani. Katika majengo mengi ilikuwa hivyohivyo: kishindo cha kwanza kiliwaita watu madirishani, cha pili kikawapofusha. Jumba la Ufundi, lililopakana na ubalozi, liliporomoka lote.

Nakumbuka vumbi, harufu ya moshi wa mafuta, ving'ora vya magari vikilia vyenyewe, na karatasi zikishuka kutoka juu. Nani alinishika mkono ngazini, au nilifikaje nyumbani, sijui hata leo.

Kisha maisha yakaendelea, au nilidhani yameendelea. Tairi la matatu likipasuka, najikuta nimechuchumaa kando ya barabara, jasho linanitiririka. Nilikaa mbali na kila dirisha. Usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu, tumbo likiniuma bila ugonjwa ulioonekana, shingo ikikakamaa, na watoto wangu wakajifunza kutofunga mlango kwa nguvu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alishuku nimetupiwa jambo. Mchungaji aliniombea. Maombi yalinifariji, lakini mlango ukibamizwa nilishtuka vilevile.

Aliyenifungua macho ni muuguzi mmoja mstaafu aliyesomea ushauri nasaha. Alinisikiliza, kisha akasema, "Dada, huna wazimu, wala hujarogwa. Mwili wako haujaambiwa kwamba Ijumaa ile imekwisha."

Alinieleza kwamba ndani ya ubongo kuna sehemu iitwayo amigdala, ndogo kama lozi, ambayo huitambua hatari kabla mtu hajapata kufikiri. Ikishtuka, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, na baada yake kotisoli: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, chakula hakisagiki. Karibu yake iko hipokampasi, inayoipa kumbukumbu mahali pake na wakati wake. Hofu ikipita kiasi, kazi hiyo huvurugika. Harufu na kishindo hubaki bila tarehe, ndiyo maana tairi la leo linapopasuka mwili hupokea bomu la mwaka ule. Haya si maradhi ya watu dhaifu. Madaktari wa akili wa Marekani waliyapa jina rasmi mwaka 1980, wakiwa wamewaona askari wengi waliorudi kutoka Vietnam wakiteseka hivyohivyo.

Kupona kulikwenda polepole, tena kulianzia mwilini kabla ya maneno. Alinifundisha kuvuta pumzi na kuitoa taratibu, muda wa kuitoa ukiwa mrefu kuliko wa kuivuta, maana hivyo ndivyo mapigo ya moyo yanavyotulizwa. Nilipoweza kutulia ndipo nikaanza kusimulia, kipande kwa kipande, na alinizuia kila nilipotaka kukimbilia mwisho. Kisha tukaenda mjini pamoja, mara nyingi, kila mara tukikaribia zaidi, hadi nikasimama pale ubalozi ulipokuwa. Tangu 2001 pana bustani ya kumbukumbu, na majina ya waliokufa yameandikwa ukutani. Niliwasoma wenzangu kwa sauti. Nililia sana, na sikukimbia.

Sijasahau, na hakuna aliyeniahidi kusahau. Agosti ikikaribia bado nalala vibaya. Lakini sasa nikishtuka najua kinachotokea ndani yangu, na mwili hutulia baada ya dakika chache badala ya kunitesa siku nzima.

Kinachoniuma ni wale waliofika nyumbani wima jioni ile, wasiende hospitali, wasiandikwe popote. Wako Nairobi, wako pia Dar es Salaam, ambako watu 11 waliuawa kwa mlipuko mwingine asubuhi hiyohiyo. Wengine walizamia kwenye pombe, wengine wanaitwa wakali. Kama yumo mmoja nyumbani mwako, usimwambie asahau. Muulize alikuwa wapi siku ile, umsikilize bila kumharakisha, kisha umsindikize kwa mtaalamu.