Kinywa Kinapowaka Moto Pasipo Kidonda

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii niliikariri tangu nikiwa shule ya msingi, lakini sikuielewa mpaka mama yangu mzazi alipotoka Tanga kuja kukaa kwangu Dar es Salaam.

Mama alikuwa na umri wa miaka 56. Kila jioni alilalamika kuwa ulimi wamuwaka kana kwamba amekunywa chai ya moto. Nikammulika kwa tochi: hapakuwa na kidonda, lengelenge wala utando. Asubuhi alikuwa mzima, na alipokuwa akila moto ulipungua. Mimi, niliyejiona mjuzi kwa sababu ya kalamu yangu, nikakata shauri kuwa mama amechoka na mji na anatafuta sababu ya kurudi kwake. Siku moja nikamwambia hivyo. Hakunijibu. Tangu siku ile hakulalamika tena, nami nikadhani amepona.

Usiku mmoja, yapata saa nane, nilimkuta jikoni akijisugua ulimi kwa ndimu na chumvi huku machozi yakimtoka. Hapo ndipo nilipoona haya.

Tulikwenda hospitali. Daktari wa kinywa alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akatueleza kuwa ugonjwa huu wajulikana, na kwamba huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi au wanaokaribia kukoma. Yale niliyoyafanya ushahidi dhidi ya mama ndiyo hasa dalili zake: kinywa kisicho na alama, nafuu ya asubuhi, na moto unaozidi kadiri jua linavyotua. Wengine huhisi pia ukavu, au ladha chungu kama ya chuma.

Wakati mwingine chanzo hupatikana. Huenda ikawa ni upungufu wa madini ya chuma au wa vitamini B12, kisukari, fangasi za kinywa, meno ya bandia yasiyokaa sawasawa, au baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Kwa hiyo vipimo hutangulia, na mgonjwa asiache dawa zake pasipo ushauri wa daktari. Vipimo vya mama havikuonyesha kasoro. Katika hali kama hiyo, hitilafu hudhaniwa kuwa imo katika mishipa ya fahamu, ambayo huupelekea ubongo habari ya moto usiokuwapo. Ugonjwa huu hauambukizi, wala si saratani.

Nyumbani kwetu tulianza kwa kuiondoa ndimu. Pilipili, achari, ukwaju na vinywaji vya moto navyo vikafuata. Mama hunywa maji baridi kidogo kidogo mchana kutwa, na moto ukizidi hufyonza kipande cha barafu. Jojo isiyo na sukari humsaidia kuleta mate. Dawa ya meno yenye ukali na povu jingi tuliibadili kwa iliyo laini. Mwenye kuvuta tumbaku, kunywa pombe au kusukutua kwa dawa yenye spiriti hana budi kuviacha, maana vyote huchochea moto. Wasiwasi na kukosa usingizi navyo huuzidisha. Kwa hiyo jioni mama hupewa kazi nyepesi na mazungumzo. Mambo haya yasipotosha, daktari anazo dawa za kutuliza mishipa hiyo.

Sitakudanganya, msomaji, kwamba moto umezimika kabisa. Ugonjwa huu waweza kudumu miezi, hata miaka. Lakini sasa mama akisema, “Mwanangu, leo upo,” hakuna anayeshika tochi kumkagua. Mjukuu wake huinuka akaleta barafu.

Nawe, ikiwa nyumbani kwako yumo mzee aliyekuwa akilalamika kisha akanyamaza, usifanye haraka kushukuru. Mwulize kwanza kama amepona, au amechoka kutoaminiwa.