Pesa za Wazee, Tangu Siku za Baraza

Wengi wamesahau kwamba pesa za wazee zilijaribiwa hapa kwetu Thika kabla ya kusambaa Kenya nzima. Mwaka 2006 serikali ilichagua wilaya tatu, Thika, Nyando na Busia, na familia 300 hivi zikaingizwa. Familia 300 kwa wilaya tatu! Mtaa wa Kiandutu peke yake ungezimaliza zote na bado watu wabaki wamesimama nje.

Hizo ndizo siku za baraza. Chifu aliketi mezani, wazee wa mtaa pembeni yake, na majina yakasomwa kwa sauti mbele ya watu. Kelele zilianza kabla orodha haijafika katikati. "Huyo ana shamba Gatanga! Na yule nyanya anayeuza makaa, mbona hamkumwandika?" Upendeleo ulikuwepo, sitauficha, jamaa za wenye sauti waliandikwa, na kuna wajane waliorudi nyumbani wakilia. Lakini aliyeachwa alijulikana kwamba ameachwa. Jirani aliweza kusimama na kumtetea, na mara nyingine jina lake liliongezwa papo hapo.

Baadaye ukaja mpango wa serikali wa Inua Jamii, na kuanzia mwaka 2018 kila aliyetimiza miaka 70 na hana pensheni alistahili kulipwa, awe maskini wa kuthibitishwa au la. Niliifurahia hatua hiyo kwa moyo wote, na hadi leo naiona kuwa ya haki. Mzee hakuhitaji tena kuonyesha umaskini wake mbele ya mtaa mzima. Zaidi ya wazee laki tano waliingia kwa mkupuo mmoja. Kisha mlango ukafungwa. Aliyetimiza 70 mwaka mmoja baada ya uandikishaji alikaa nje miaka na miaka, na hakukuwa na baraza la kumsemea, kwa sababu hakuna orodha iliyosomwa.

Thika imeathirika kwa namna yake. Huu ni mji wa wapangaji. Wazee wetu wengi walikuja kuchuma kahawa, kukata mkonge au kufanya kazi viwandani, wakazeekea katika vyumba vya mabati vya kukodi. Kodi ikipanda, mtu anatoka Kiandutu anahamia Kiganjo, au anavuka hadi Ruiru kwa binti yake. Huko naibu wa chifu hamjui na mzee wa mtaa hajawahi kumwona. Mpango unaomtafuta mzee kupitia kwa watu wanaomjua humfaa mwenye boma na majirani wa miaka 40. Mpangaji huwapoteza watu hao kila anapofungasha godoro.

Hata aliyeandikwa alikuwa na kazi yake. Niliwahi kumsindikiza jirani yangu kwa ajenti wa kulipa pesa hizo huko Makongeni. Ameshinda maisha yake kwenye mibuni, na ncha za vidole vyake zimesuguliwa hadi zikawa laini kama kokoto ya mtoni. Mashine ya kusoma alama za vidole ikamkataa.

"Futa kidole, shosho. Jaribu hiki kingine."

"Nimefuta, mwanangu. Ndicho nilicho nacho."

Alikifuta kwa ncha ya leso, akakipulizia, akakibonyeza tena. Vidole kumi vikaisha. Kijana yule wa ajenti alikuwa na heshima, wala kosa si lake, ila hakuwa na njia nyingine ya kumlipa. Tulirudi kwa miguu ili kuokoa nauli.

Pesa yenyewe ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na imebaki hivyo kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200. Mara nyingine malipo huchelewa kwa miezi, na mwenye duka anayewaandikia wazee deni kitabuni naye huchoka.

Sitamani turudishe kelele zile na machozi ya wajane. Ninachotaka ni orodha ibandikwe mtaani kila mwaka, Thika na Ruiru, watu waisome na kusema nani hayumo. Na yule anayetimiza 70 asilazimike kumtafuta mtu yeyote ili aandikwe. Tarehe yake ya kuzaliwa imo kwenye kitambulisho, na serikali ndiyo iliyoiandika.