Picha Iliyomponza Mama

Juzi nilipekua sanduku la mama nikaibuka na aerogramu. Wewe wa meseji huijui: karatasi ya buluu, nyepesi kama ganda la kitunguu. Unaandika, unaikunja kufuata mistari, unalamba gundi, kwisha! Bahasha ya nini? Uingereza waliacha kuiuza 2012.

Bei ilikuwa chee, ila sharti moja: usitie kitu ndani. Limechapwa kabisa mgongoni. Ukitia, wanakutoza zaidi au barua inashushwa kwenye ndege, ikapande meli.

Sasa mama yangu, 1996, baba yuko masomoni Uingereza, si akachomeka picha ya kaka, kichanga cha wiki sita! Ya pasipoti tu, jamani. Ikaenda kwa meli.

Baba kasubiri wee, kimya. Akaandika: "Kama umepata mwingine, sema." Mama akanuna, hakujibu (hata mimi ningenuna). Picha ilimfikia kaka ameshaota meno.

Niliyoikuta sandukuni ndiyo hiyo barua ya baba. Nikamuuliza mama, kwa nini umeitunza hii, ya matusi? Akaniambia niirudishe nilikoitoa, nikageuze samaki wanaungua.