Jumanne Usiku Mjini Melbourne

Tanganyika tulikuwa hatujapata televisheni nilipokwenda kusoma Melbourne mwaka 1964. Sebuleni kwa mama mwenye nyumba nikakuta moja, na kilichonishangaza zaidi ni kwamba Waaustralia wenyewe hawakuonekana humo. Karibu kila tamthilia ilitoka Marekani au Uingereza.

Jumanne, Oktoba 20, kituo cha HSV-7 kikaanza kuonyesha Homicide, habari za askari kanzu wa kitengo cha mauaji. Waliotengeneza ni kampuni ya Hector Crawford na dada yake Dorothy, watu wa michezo ya redio tangu zamani. Gari la polisi likasimama mbele ya makao makuu ya Russell Street, wapelelezi wakateremka na kofia zao. Mama akapiga kelele, "Hapo si ndipo tunapopita na tramu!"

Tangu siku hiyo muuaji hakumshughulisha tena, alitafuta mitaa. Inspekta Connolly wa tamthilia hiyo yumo mbioni kichochoroni, mama anabishana na mumewe kama pale ni Carlton au Fitzroy. Mume alikuwapo kila mara, maana katika jimbo letu la Victoria siku hizo baa zilifungwa saa kumi na mbili jioni.

Mimi nilikuwa na ujanja wangu. Mambo ya ndani yalirekodiwa studioni kwa mkanda wa video, ya nje yakapigwa kwa filamu. Mpelelezi akivuka mlango tu, picha inabadilika sura, inakuwa na chengachenga. Basi kila ilipobadilika nilijua kuna mtu atakimbizwa, na mapigo ya moyo yanaanza kabla ya muziki.

Mwisho wa mwezi uleule nchi yetu ikaitwa Tanzania. Wakati wa matangazo ya biashara nilimfundisha mama kulitamka jina hilo, akalikosea mpaka mwaka mpya.

Mwaka 1965 wakamuua Fraser, yule mpelelezi kijana. Hakuna aliyedhani kwamba shujaa wa kila wiki anaweza kufa. Mume akainuka bila neno kwenda kuchemsha chai. Mama akaapa haangalii tena. Jumanne iliyofuata alikuwa kitini mapema kuliko sote. Nafasi ya marehemu ilipokuja kushikwa na mwigizaji Leonard Teale, hata hakungoja amalize sentensi: "Sauti hiyo! Huyo ndiye Superman wetu wa redioni!"