Foleni ya Wagonjwa Si Foleni ya Kisimani

Kisimani, aliyetangulia kuweka ndoo ndiye anayetangulia kuchota maji. Hiyo ni haki, na kila mtu anaielewa. Aliyechelewa akisubiri saa moja zaidi, atachelewa kupika tu.

Hospitali si hivyo. Kuna mgonjwa anayeweza kusubiri mpaka mchana. Kuna mwingine ambaye robo saa ni nyingi kwake. Wote wawili wakipangwa kwa kufuata nani alifika kwanza, huyu wa pili anaweza kufa akiwa kwenye benchi.

Mimi ni mkulima, na ni mjumbe wa kamati ya zahanati ya kijiji chetu. Nimesindikiza wagonjwa wengi. Nilianza kulifikiria jambo hili tangu jirani yangu alipompoteza mtoto wake. Alifika hospitali asubuhi, akakaa mwisho wa benchi. Mtoto alikuwa kimya. Watu walidhani amelala. Mama naye aliona haya kuwapita wakubwa waliomtangulia. Zamu yake ilipofika, saa sita mchana, daktari hakuwa na la kufanya tena. Malaria ilikuwa imemmaliza mtoto damu.

Miaka kadhaa baadaye nilimpeleka mama mkwe wangu katika hospitali nyingine. Huko niliona utaratibu tofauti. Kabla daktari hajaanza kuita majina, muuguzi alipita benchi hadi benchi. Alimtazama kila mgonjwa usoni. Alimgusa mtoto mmoja mikono, akaikuta baridi. Papo hapo alimbeba, akaingia naye ndani, na mama yake akamfuata.

Mzee mmoja alinung'unika. "Mwanangu, mimi nimefika hapa alfajiri. Mbona huyu amekuja sasa hivi?"

Muuguzi aliporudi alimjibu kwa adabu. "Shikamoo, baba. Goti lako linauma, najua. Lakini saa nane litakuwapo, nasi tutalitibu. Yule mtoto tusipomwahi sasa, saa nane hatakuwapo."

Mzee alinyamaza. Kisha akasogea, akampisha bibi wa yule mtoto akae.

Utaratibu huo si upendeleo. Wagonjwa hugawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mahututi. Hao hutibiwa papo hapo. Fungu la pili ni wanaohitaji kuwahiwa. Hao huwekwa mbele ya foleni. Fungu la tatu ni wanaoweza kusubiri. Hao hufuata zamu zao.

Faida yake imeonekana. Katika nchi jirani ya Malawi, kuna hospitali kubwa ya Queen Elizabeth katika mji wa Blantyre. Zamani, katika kila watoto 100 waliolazwa hapo, walikufa kati ya 10 na 18. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mahali pa kupokelea watoto palipangwa upya. Wahudumu walifundishwa kuwatambua mahututi mlangoni na kuanza kuwatibu bila kungoja. Baada ya hapo, vifo vilishuka hadi kati ya 6 na 8 katika kila watoto 100. Hapa Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara yake ya tiba ya dharura mwaka 2010.

Lakini wauguzi peke yao hawataweza. Hospitali ikijaa watu 300 wenye mafua, malaria ya kawaida na vidonda vidogo, mahututi hupotea katikati yao. Sisi wanavijiji tuna kazi ya kufanya.

Kwanza, tuanzie zahanati. Malaria hupimwa hapo kwa tone la damu ya kidole, na jibu hupatikana kwa muda wa kama dakika 20. Mtoto anayeharisha hupewa maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa vizuri, pamoja na vidonge vya zinki. Ugonjwa ukizidi, mganga wa zahanati ataandika barua ya rufaa. Barua hiyo humweleza daktari mgonjwa ametoka wapi na amepewa dawa gani.

Najua kwa nini wengine wanairuka zahanati. Walikwenda, wakaambiwa dawa hakuna. Malalamiko hayo ni ya haki, na dawa yake ni kuyasema. Dawa zikiletwa, wajumbe wa kamati tushuhudie zikihesabiwa. Zikiisha, tujue ziliisha lini na ziliombwa lini. Kila mwananchi anaweza kuuliza jambo hilo katika mkutano wa kijiji.

Pili, tuzijue dalili za hatari. Mtoto mwenye mojawapo ya dalili hizi asikae mwisho wa benchi:

1. Hawezi kunyonya wala kunywa.
2. Anatapika kila kitu anachopewa.
3. Amepatwa na degedege.
4. Amelegea sana, au haamki.
5. Anapumua kwa shida.
6. Mikono yake ni ya baridi, au macho yametumbukia ndani.

Mtu mzima anayetoka damu nyingi, anayeshindwa kupumua au aliyezimia naye asingoje. Mama mjamzito anayetoka damu au mwenye degedege vilevile. Kwa mama mjamzito, mama aliyejifungua karibuni na mtoto mchanga, kuna namba ya kupiga bila malipo ili kupata usafiri wa dharura. Namba hiyo ni 115.

Tatu, tusione haya kusema. Ukifika hospitali na mgonjwa wa namba hiyo, usisubiri kuulizwa. Nenda moja kwa moja kwa muuguzi, umwambie kwa sauti: "Mtoto wangu hanyonyi," au "Mtoto wangu haamki." Na wewe uliye karibu, ukimwona mama amekaa na mtoto aliye kimya mno, muulize hali yake. Akishindwa kusema, msemee.

Mtoto anayelia sana bado ana nguvu. Yule aliye kimya ndiye wa kutazamwa kwanza.